Alama ya Sikio

Kila nikifika Chamwino mama ananiuliza:
"Sechelela, utamaliza lini kusoma?"
Nilishamaliza, mama. Shahada ya uzamivu iko ukutani kwako,
juu ya kabati la vyombo, imepigwa fremu, imepigwa vumbi.
"Sasa kazi yako ni ipi?"
Hapo ndipo Kiswahili changu hukwama,
na Kigogo ndiyo kabisa.

Mtafiti wa baada ya uzamivu.
Yaani umevuka mto, ukaambiwa subiri ukingoni.
Yaani mkataba wa miaka miwili, ukaongezwa mmoja,
ukaongezwa miezi sita, kama sketi ya shule
inayoshushwa pindo mpaka pindo liishe.

Nikamweleza kwa ng'ombe, maana ng'ombe anawajua.
Unakumbuka baba alivyokuwa akitenga kisimani
mifugo yetu na ya kina Mbijima?
Haangalii rangi, haangalii pembe.
Anashika sikio.
Seli za damu nazo zina alama.
Ile ya saratani haikutoka mbali, si mwizi wa usiku:
ni ndama wa zizi hilihili aliyekataa kukua,
akazaa, akazaa,
hadi wenzake wakakosa pa kusimama.
Askari wa mwili wanampita, wanamsalimu.
Mimi namshika askari mmoja mkono, namwambia:
hapa. Papasa hapa. Sikio hili.

Alinyamaza, akachambua mlenda.
Kisha akauliza swali
ambalo jopo la wafadhili lilitumia kurasa nne kuliuliza:
"Na ng'ombe wema wenye alama hiyohiyo?"

Wanakufa nao, mama.
Ujana wangu umeishia ndani ya swali hilo.

*

Julai, upepo wa Dodoma huingia hata pasipo tundu.
Umeme ulikatika saa saba usiku.
Mlinzi, Ndahani, alinipigia:
"Dokta, lile friji lako linalia."
Nikapanda pikipiki, kanga juu ya gauni la kulalia,
barabara ya Ng'ong'ona nyeupe kwa mbalamwezi.
Hasi themanini. Hasi sabini na nne. Hasi sitini na tisa.
Ndani, mirija ishirini na miwili
ya damu ya watu ambao siruhusiwi kujua majina yao.
Mmoja namjua.
Namba kumi na saba alinipa pipi ya tangawizi siku aliyotolewa damu,
akauliza kama ikibaki nitamrudishia.
Ana miaka tisa. Alikuwa nayo.
Natumia yote mawili,
kwa sababu seli zake bado ziko hai chini ya barafu.

Jenereta lilikohoa, likakohoa tena, likashika.

*

Asubuhi, barua pepe mbili.
Ya kwanza kutoka mji wenye theluji: miaka mitatu,
nyumba, na mashine ya kuhesabia seli ambayo sitaigombania.
Ya pili ya mhasibu wetu: hadi mwisho wa Novemba,
"kutegemea upatikanaji wa fedha."
Nikazifunga zote mbili, nikavaa glavu.

Sahani ina visima tisini na sita.
Ndivyo tunavyoviita, visima. Baba angecheka.
Safari hii tumemfundisha askari asiue
mpaka apapase mahali pawili:
sikio, halafu kovu la goti.
Kisima cha tatu: asilimia arobaini na moja ya wagonjwa wamekufa.
Kisima jirani, chenye askari wasiofundishwa: tisa.
Na wale wema?
Nikahesabu. Nikatoka nje, nikanywa maji, nikarudi nikahesabu.
Wamesimama. Si wote. Wengi.

Nilimpigia mama, hakupokea;
saa ile yuko kwenye uwele, anapura.

Kwenye daftari niliandika neno moja: rudia.
Chini yake, tarehe ya jaribio lijalo,
tano Desemba.
Nikaitazama ile tarehe.
Sikuifuta.